Bampa Kwenye Mizani ya Dhahabu

Katika mji wetu wa Kindu, mtu anunuapo gari la kupitia njia za Kalima na Pangi, hata kabla hajalitia mafuta mara ya pili wala hajajua kama breki zake zashika, aghalabu hulipeleka kwa fundi wa kuchomelea aliye karibu na mto, akaagiza afanyiwe bampa la chuma, au pareshoki kama tusemavyo sisi tuliolelewa na Kifaransa, na fundi amwulizapo, "Papa, tutie chuma cha unene gani?", jawabu lake huwa ni lile lile ambalo nimelisikia mara nyingi, na ambalo mimi mwenyewe nimepata kulitoa kwa sauti ya kujiamini: "Kile kinene kuliko vyote ulivyo navyo." Nimeshika kalamu leo ili kulipinga jawabu hilo.

Sisemi kwamba haja ya kinga haipo. Tangu reli ilipouunganisha mji huu na Kongolo, Kindu imekuwa mji wa garimoshi na wa mashua zaidi kuliko mji wa magari, na barabara zake zimeachiwa mvua na miti. Mtu avukaye Lualaba kwa kivuko mpaka Alunguli, akaishika njia ya Kalima, hupambana na visiki vilivyofichwa na nyasi, na magogo yaliyoanguka usiku, na madaraja ya miti miwili mitatu ambayo dereva huyakagua kwanza kwa miguu kabla ya kuyakanyaga kwa magurudumu, na matope mekundu ambayo gari likishaingia hutoka kwa kuvutwa tu. Bampa litokalo kiwandani, ambalo ni bamba jembamba lililokunjwa na kupakwa rangi, halimalizi mwaka katika njia hiyo. Kinga basi ni lazima, na ugomvi wangu ni juu ya kipimo chake.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na Land Cruiser kuukuu niliyoitumia kubebea mchele, nikaagiza bampa la milimeta 10, lililokatwa katika ubavu wa tishari la zamani lililokuwa likiozea ukingoni. Fundi wangu, mzee aliyeijua kazi ya chuma tangu ujana wake, alilipigapiga bamba lile kwa nyundo, akalitazama gari, kisha akalitazama tena bamba, akasema, "Mwanangu, hiki ni chuma cha meli." Nikacheka, nikamwambia kwamba nalitaka gari langu liwe meli. Vijana wanne walilibeba bampa lile kulipeleka mbele ya gari, nami nililipaka rangi nyeusi kwa mkono wangu, na kwa muda wa miezi miwili nilikuwa nikiegesha gari mahali ambapo watu wangeliona.

Mwezi wa tatu, katika kona moja ya njia ya Kalima, nikienda kwa mwendo ambao mtu wa baiskeli angenipita, ncha ya kushoto ya bampa iligonga kisiki cha mti mgumu. Nikashuka kutazama madhara, nikaliona bampa li zima. Rangi tu ilikuwa imechubuka mahali padogo panapoweza kuzibwa na kidole. Nikamshukuru Mungu na kuisifu akili yangu. Hata nilipoondoka ndipo nilipohisi usukani unavuta upande mmoja, na nilipolala chini ya gari na tochi nikaona kwamba ncha ya chesisi, pale bampa lilipofungwa, imerudi ndani kadiri ya upana wa kidole gumba, na ufa umeanza kutambaa kutoka kwenye tundu la bolti, mwembamba kama unywele, ukielekea nyuma kwenye kikalio cha springi. Gari lililala karakana wiki mbili. Yule mzee hakusema neno la kunisuta, alichofanya ni kuligonga tena bampa kwa nyundo, likalia kama kengele ya misheni, naye akatikisa kichwa akasema, "Hili zima kabisa."

Pigo halifi kwa sababu limekuta chuma kinene. Huingia ndani ya chuma hicho, nacho kikikataa kupinda hulipitisha nyuma kama mtu apokezaye ndoo katika safu ya wazima moto, mpaka lifike kwa aliye mnyonge kuliko wote. Na katika magari yetu mnyonge huyo ni chesisi, ambayo watu hudhani ni nguzo isiyotikisika, kumbe nayo ni bamba tu lililokunjwa likafanywa sanduku, ambalo unene wake haufiki nusu ya milimeta zile 10 nilizoning'iniza mbele yake. Bampa lililo gumu kuliko chesisi hulinda taa na rejeta siku zote isipokuwa siku ile ya msiba, na siku hiyo hugeuka kuwa nyundo mkononi mwa kisiki.

Tuje kwenye hesabu, ambayo si ngumu hata kwa mtu aliyeikimbia shuleni. Chuma cha upana wa mita moja ya mraba, kikiwa na unene wa milimeta 1, kina uzito wa kilo 7.85, na kila milimeta uiongezayo huongeza kilo nyingine kama hizo. Bamba la kawaida la dukani, la mita 2 kwa mita 1, likiwa la milimeta 3 ni kilo 47, na kijana mmoja hulifunga juu ya baiskeli akalisukuma mpaka karakana. Likiwa la milimeta 10 ni kilo 157, na hapo hutafuti baiskeli tena, unatafuta watu. Bampa zima la mbele, pamoja na kisanduku cha winchi, hula kiasi cha mita moja na robo ya mraba: kwa milimeta 3 ni kilo 29 na kitu, kwa milimeta 5 ni kilo 49, kwa milimeta 10 ni kilo 98, nasi hatujahesabu mabomba, kulabu, winchi yenyewe na taa za fahari.

Na kilo hizo 98 hazikai pale zilipowekwa. Bampa huning'inia mbele ya ekseli, mfano wa mtoto mnene aketiye ncha kabisa ya ubao wa pembea. Tuseme liko sentimita 80 mbele ya ekseli, katika Land Cruiser ya kubeba mizigo ambayo masafa baina ya ekseli zake mbili ni mita 3.18, basi ekseli ya mbele itabeba kama kilo 123, na ile ya nyuma itapunguziwa kama kilo 25. Springi za mbele huchoka, gari huinamisha pua kama ng'ombe anywaye maji, magurudumu ya nyuma huteleza matopeni kwa kukosa uzito, na dereva hulilaumu tope. Kisha anaongeza winchi ili imtoe matopeni, na winchi huongeza uzito pale pale.

Jambo hili la kusahau uzito mpaka wakati wa kubeba halikuanza na magari. Mpelelezi Stanley alipofika Unguja mwaka 1874, kwa safari ile iliyomleta hadi kwetu Maniema, alikuwa na mashua iitwayo Lady Alice, iliyoundwa Uingereza kwa vipande ili ichukuliwe mabegani. Na vipande vile vilipopimwa Unguja vikaonekana vizito mno kuliko alivyokuwa ameagiza, hata ikambidi atafute fundi huko huko avikate upya viwe vidogo. Ndivyo ilivyofika Nyangwe, na ndivyo ilivyoondoka hapo mwezi wa Novemba 1876, ikipenya msitu juu ya vichwa na mabega ya watu pamoja na msafara wa mfanyabiashara Tippu Tip. Mpagazi alemewapo huweka mzigo chini na kudai haki yake. Springi hulemewa kimya kimya hadi siku ya kuvunjika, na siku hiyo huwa mbali na mji.

Unene wa chuma wenyewe nao ni mtihani, maana hapa kwetu si wengi wanunuao bamba jipya lenye chapa ya kiwanda. Chuma kingi cha karakana zetu kimekwisha kuishi maisha mengine: kilikuwa behewa, au tishari, au tangi la mafuta, au kontena, na kila maisha yameacha kutu yake. Pipa la lita 200, ambalo watu hulipasua na kulinyoosha, ni la milimeta 1 na kidogo, na halifai kwa kinga ya mbele hata likifanywa tabaka mbili. Ubavu wa kontena haufiki kwa kawaida milimeta 2 na nusu. Muuzaji akikuambia "hii ni sita", huenda ilikuwa sita siku ilipoingia majini.

Kindu, hata hivyo, ina kitu ambacho miji mingi yenye mafundi bora kuliko sisi haikubahatika kukipata, nacho ni mizani nzuri, kwa sababu ya wanunuzi wa dhahabu. Siku moja nilimwona yule mzee amekata kipande cha bamba cha sentimita 10 kwa 10, akakisugua kutu kwa brashi ya waya mpaka kikang'aa, akakikwangua kingo kwa tupa, akampa mwanafunzi wake kijana akipeleke kwa mnunuzi wa dhahabu wa ng'ambo ya barabara. Mnunuzi alikipokea kwa vidole viwili, akakitazama juu na chini, akamwuliza kijana kama siku hizi Maniema yachimbwa dhahabu ya rangi hiyo. Walakini alikiweka juu ya mizani. Gramu 330. Yule mzee alikuwa ameandika kwa chaki ukutani mwa karakana hesabu moja tu, 78.5, ambayo ni uzito kwa gramu wa kipande cha kadiri hiyo chenye unene wa milimeta 1; akagawanya juu ya kiganja, akapata milimeta 4 na sehemu mbili za kumi, ilhali aliyemwuzia alilipwa bei ya sita. Ustadi huu haugharimu kitu ila aibu ndogo ya kuingia dukani mwa dhahabu na kipande cha chuma. Wenye kuufuata wakumbuke tu kwamba mizani hutoa wastani: bamba lililoliwa vishimo vishimo laweza kuwa na wastani wa nne na bado likawa na mahali pa mbili, na mahali hapo hutafutwa kwa jicho na kwa ncha ya nyundo.

Kuna pia hatari ya pili katika chuma cha kuokota, ambayo mizani haiwezi kuifichua. Wapo wanaotengeneza pembe za bampa kwa vipande vya reli, au kwa mabamba ya springi za malori, wakisema kwamba hicho ndicho chuma cha kweli. Ni cha kweli kwa kazi yake. Reli na springi zina kaboni nyingi kuliko chuma laini cha bamba, na chuma cha namna hiyo kikichomelewa baridi kikaachwa kipoe haraka kwa upepo wa mto, huwa kama kigae kandokando ya mshono. Hakipindi, bali hukatika, na hukatika ghafla. Reli na ibaki katika shughuli iliyojaaliwa nayo karakanani, yaani kuwa fuawe.

Hapa ndipo ninapofikia kiini cha shauri langu. Ukakamavu wa bamba bapa hukua haraka kuliko uzito wake, hilo ni kweli: ukizidisha unene mara mbili, uzito huwa mara mbili na ukakamavu huwa mara nane. Wapenda unene wakisikia hivyo hupiga makofi. Lakini wameisoma nusu ya kitabu, kwani njia ya kuupata ukakamavu si moja, na iliyo rahisi kuliko zote ni kukunja. Shika karatasi ya daftari kwa ncha moja, itainama mbele yako kama mtumwa. Ikunje iwe na mfereji katikati, itabeba kalamu. Tazama bati la migongo lililo juu ya nyumba yako, ambalo unene wake haufiki milimeta 1, nalo hubeba mvua ya Maniema na fundi aliyepanda kuziba tundu. Linyooshe liwe bapa, halitajibeba lenyewe kutoka boriti hadi boriti.

Nimeifanya hesabu hii kwa utepe wa upana wa sentimita 20, ambao ni karibu na uso wa bampa. Bamba bapa la milimeta 10 upande mmoja. Upande wa pili bamba la milimeta 3 la upana ule ule, lililokunjwa ukingo wa juu na wa chini kwenda nyuma, kila ukingo sentimita 5, likawa mfano wa hori. Lile la milimeta 3 lina ukakamavu wa kiasi cha mara 10 ya mwenziwe mnene, na uzito wake haufiki nusu. Mtu atasema: lakini uso wake utabonyea. Naam, utabonyea mahali pagongwapo, na mimi nasema heri ubonyee. Ukiona mabonyeo yamezidi, tia ndani mbavu mbili tatu za wima za bamba lile lile, na utakuwa umeongeza kilo zisizozidi uzito wa kuku wawili.

Wateja wengine hudai kwamba Kindu hakuna mashine ya kukunjia. Kwani yule mzee ana mashine gani? Alichora mstari kwa chaki, akauchimba kwa grenda mpaka karibu theluthi mbili za unene wa bamba, akalilaza juu ya kipande cha reli, akaweka ubao mgumu juu ya mstari ili nyundo isiache makovu, akapiga kuanzia katikati kwenda pembeni, polepole, kidogo huku na kidogo kule, kama mtu anyooshaye mkeka, ukingo ukainuka. Kisha akaujaza mfereji ule kwa mshono wa kuchomelea tokea mwanzo hadi mwisho, akaruka kutoka ncha moja kwenda nyingine kila baada ya kitambo ili moto usilipinde bamba zima. Kazi hiyo ilimchukua asubuhi moja. Bamba la milimeta 10, kulikata tu kwa msumeno kungemchukua siku mbili, na kukunja angekuachia wewe.

Tena kuna suala la moto wenyewe, ambalo wenye magari hawalijui na mafundi wengi hulificha kwa sababu ya njaa. Umeme wa karakana zetu ni wa jenereta ndogo, na mashine ya kuchomelea inayokula kwa jenereta ndogo haina pumzi ya kuyeyusha kiini cha bamba la milimeta 10, ambalo hufyonza joto kama mchanga unavyofyonza maji. Mshono hukaa juu, mzuri wa kutazama, umepangika kama magamba ya samaki, lakini haukushikana na chuma kilicho chini. Ni udongo uliobandikwa juu ya jiwe. Ili mshono wa bamba nene uwe wa haki, kingo lazima zichongwe mshazari, na kuchomelewa kurudiwe tabaka juu ya tabaka kwa moto mkali. Bamba la milimeta 3, kwa fito za milimeta 2 na nusu na moto wa wastani, hushikwa barabara na mashine ile ile ndogo. Bampa jembamba lililoshikana ni bora kuliko nene lililobandikwa, na mteja hana jicho la kuyatofautisha mpaka lianguke njiani.

Unene, basi, una mahali pake, nami sitaki kuonekana adui yake. Masikio ya kufungia bampa kwenye chesisi, ambapo nguvu yote hupita katika matundu machache ya bolti, nayataka ya milimeta 6. Kikao cha winchi vivyo hivyo, kwa kuwa winchi ya gari kama letu huvuta kiasi cha tani 4, na mvuto huo ukikikuta kikao chembamba hukikunja kama bahasha. Jicho la kulabu ya kuvutia laweza kuwa la milimeta 8 au 10, maana ni dogo na uzito wake si kitu. Uso na mabawa ya bampa, milimeta 3 yatosha, na 4 kwa yule ambaye kila wiki yu msituni na ana springi za kuyabeba. Nalo bampa lote lifungwe kwa bolti, zile zenye alama ya 8.8 kichwani, lisichomelewe kamwe moja kwa moja kwenye chesisi, kwani bolti yaweza kukatika na kununuliwa nyingine sokoni, na chesisi hainunuliwi sokoni Kindu.

Kinga ya chini ya injini na giaboksi nayo ningekubali iwe nene kupita uso, milimeta 4 au 5, kwa sababu hiyo haigongwi tu, bali hubeba gari zima juu ya jiwe na kuburuzwa. Lakini hapo nako tunakosea kwa namna nyingine: tunatengeneza sinia lisilo na tundu. Tope hupanda kwa nyuma, hujaa humo na kukauka, na tope la kina cha sentimita 5 juu ya mita moja ya mraba ni kilo 80 na zaidi, ambazo hakuna aliyeziagiza wala kuzilipia. Juu yake injini hupikika, na mafuta yakivuja hunywewa na udongo ule, dereva asione tone hata moja chini mpaka injini ilie. Matundu ya kupitisha ngumi, na bolti nne zinazofunguliwa kwa spana moja ili sinia lioshwe kila baada ya safari, yana faida kuliko milimeta mbili za ziada.

Waliosoma watauliza kama nadharia hii ya kinga inayokubali kushindwa ni yangu. La. Mhandisi wa Mercedes-Benz, Béla Barényi, aliomba hataza mwaka 1951 kwa fikra ya gari ambalo kiini chake wakaapo watu ni kigumu, na ncha zake za mbele na nyuma zimeachwa zikunjike ili zilimeze pigo. Na mwaka 1959 magari ya kwanza yaliyoundwa hivyo yakatoka kiwandani. Njia ya Pangi si barabara kuu ya Ujerumani, na hatuendi kwa kasi yao. Lakini kisiki hakiulizi umetoka barabara gani, na mtu aliye nyuma ya usukani ana mbavu zile zile.

Nina neno pia juu ya walio mbele ya bampa. Njia zetu ni za waenda kwa miguu, za akina mama wenye vikapu mgongoni, za vijana wasukumao baiskeli zenye mafuta ya mawese, za mbuzi. Gari ndilo mgeni. Bampa la bamba nene lililokatwa likaachwa na kingo zake kavu, likiwa na pembe zilizochongoka kwenda mbele kama faru, hufanya mguso mdogo kuwa jeraha la kukata. Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni mwaka 2005 juu ya vizuizi vya mbele vya magari kwa kuwahurumia waenda kwa miguu. Hapa sijaona mtu wa kukagua, lakini ukingo uliokunjwa kwenda nyuma, ule ule tuliousifu kwa ukakamavu wake, hauna makali.

Wapo wasiozungumzia visiki wala watu wanapotaka chuma kinene, bali hukumbuka vita. Mji huu uliotwaliwa na kupotezwa mara kadhaa, ambao wengi wetu tuliuona mwezi wa Oktoba 1998 ukibadili mabwana, umetuachia tamaa ya kukaa nyuma ya chuma, na mimi siidharau tamaa hiyo. Ila ni haki kuwaambia wenzangu kwamba bamba la chuma laini la karakana, hata liwe la milimeta 6, si la kutumainiwa mbele ya risasi ya bunduki. Magari ya kivita huvishwa chuma cha namna nyingine, kilichogumishwa kwa moto maalumu, na springi na breki zao hubadilishwa ziubebe uzito wake. Anayelipa kilo 200 za chuma laini kwa ajili ya amani ya moyo amenunua uzito, na siku ya kukimbia atatamani angelikuwa mwepesi.

Mafundi siwalaumu sana. Fundi hulipwa kwa kile ambacho mteja anakiona, na mteja huona unene wa ukingo, hagongi masikio yaliyo nyuma wala hainami kutazama mbavu. Tena kazi ya kukunja ina saa nyingi na chuma kichache, ilhali sisi tumezoea kulipia chuma na kuomba saa za bure. Ningependa kuona mashirika yenye magari mengi hapa mjini, ambayo ndiyo wateja wakubwa wa karakana zetu, yakiandika katika maagizo yao uzito usiozidishwa badala ya unene usiopunguzwa: bampa lisipite kilo 45 pamoja na masikio yake, basi, fundi na ajue mwenyewe atakavyolifikia. Mafundi wetu wangeanza kukunja mwezi huo huo.

Gari langu sasa lina bampa la milimeta 3, la kukunjwa, ambalo limekwisha kubonyea mara mbili upande wa kulia na kunyooshwa kwa nyundo katika muda wa kunywa chai. Lile la milimeta 10 sikupata wa kumwuzia. Liko mbele ya nyumba yangu, limelazwa kifudifudi juu ya mtaro wa maji ya mvua, na jirani zangu hupita juu yake asubuhi wakienda sokoni, na pikipiki zenye abiria wawili, na juzi mkokoteni uliojaa magunia ya mchele. Rangi yangu nyeusi imekwisha, na pale kisiki kilipogusa kuna mng'aro mdogo ambao watoto wameusugua kwa nyayo.